Njaa ya Mjini, na Jinsi Nyumba za Lamadi Zinavyoikabili

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wainjilisti na wazee wa sharika, mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku wala hatulitambui. Tukisikia neno njaa, mawazo yetu huenda mara moja shambani. Twawaza mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba, na ng'ombe waliokonda, na wazee wakitazama mbingu. Njaa hiyo ipo, na watu wa Usukuma wanaijua vema. Lakini iko njaa nyingine ikaayo mjini, kando ya soko lililojaa vyakula, nayo mpita njia haioni. Akipita Lamadi kwa basi la Musoma ataona samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na mafungu ya viazi vitamu, naye atasema, Hapa watu wanakula. Chakula kipo kweli. Lakini ni nani awezaye kukinunua?

Mtaalamu mmoja wa uchumi, Amartya Sen wa India, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1981. Alipokuwa mtoto aliiona kwa macho yake njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, na alipokuwa mtu mzima alirudi kuihesabu. Akaonyesha kwamba mchele uliokuwapo mwaka ule haukupungua kwa kadiri ya vifo vilivyotokea. Bei ilipanda, na ujira wa vibarua haukupanda pamoja nayo. Waliokufa kwa wingi walikuwa vibarua wa mashamba, wavuvi, na watu wengine waliokula kwa fedha ya siku ile ile. Twawaomba wasomaji wayashike maneno hayo, maana habari za Lamadi zinafuata njia hiyo hiyo, ingawa kwa namna ya polepole isiyoandikwa katika magazeti.

Lamadi iko katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ufukoni mwa Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Speke. Mkoa huo na wilaya hiyo ni vichanga, vimeanza mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hii ilihesabiwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari yapita katikati ya mji, na hapo hapo yaachana na barabara ya lami iendayo Bariadi. Si mbali na hapo ni lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti. Basi, Lamadi ni mji uliozaliwa na njia panda na ziwa, na watu wake wengi hula kwa hayo mawili. Kuna wavuvi na wapakuzi wa mizigo, kuna waanikaji wa dagaa, mama lishe, vijana wa bodaboda, wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi, na wanawake wanaofua nguo za watu. Wenye mshahara wa mwezi ni wachache. Wengine wote hupata asubuhi na kula jioni, na siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula.

Mkulima ana kalenda moja, yaani ya mvua. Maskini wa Lamadi anazo mbili, naye hana budi kuzitumikia zote pamoja. Ya kwanza ni hiyo ya mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hata wa tatu ghala za vijijini huwa zimepungua, bei ya mahindi hupanda, na ndugu wa kijijini ambao wangeweza kuleta debe moja wanahitaji wao wenyewe. Pamba ikianza kununuliwa, mwezi wa tano au wa sita, fedha hushuka mjini, na kila mtu hupata kidogo, hata mwuza maandazi. Lakini pamba nayo ina mambo yake. Mwaka 2019 bei ya dunia iliposhuka, wakulima wengi walingoja fedha zao kwa miezi, na mwuza maandazi akangoja pamoja nao.

Kalenda ya pili ni ya mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifai kitu ila gizani. Mwezi unapokuwa mpevu, mitumbwi hupumzika karibu siku kumi. Siku hizo baharia hana mgao, mwanikaji hana cha kuanika, mchuuzi hana cha kubeba, na mama lishe aliyewapikia hao wote hubaki na sufuria yake imejaa. Mtu asiyejua atashangaa kwa nini nyumba fulani yashiba wiki hii na kulala njaa wiki ya pili, hali mvua ni ile ile na soko ni lile lile. Mwinjilisti wa Lamadi akitaka kujua ni lini watu wake wana shida, na atazame mbinguni usiku.

Zaidi ya hayo, maskini hununua chakula kwa bei kubwa kuliko tajiri. Jambo hili huwashangaza watu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Mwenye fedha hununua gunia baada ya mavuno, wakati wa bei ya chini, akaliweka. Asiye nayo hununua kwa kisado, au kwa kilo, au kwa robo. Mafuta hupimiwa katika chupa ndogo, chumvi katika kikaratasi, mkaa katika kopo. Kila anayepima hutwaa faida yake kidogo, na faida zote hulipwa na yule wa mwisho. Mashirika ya misaada hukadiria takriban gramu 400 za nafaka kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu sita yahitaji basi kilo mbili na nusu hivi kwa siku, yaani zaidi ya kilo 70 kwa mwezi. Wakinunua hizo kidogo kidogo katika mwezi wa pili badala ya gunia katika mwezi wa saba, watakuwa wamelipia chakula cha watu wengi zaidi ya sita. Wala tusiwaite wapumbavu. Mtu hawezi kununua gunia kwa fedha ya kisado.

Sasa tuangalie jinsi nyumba hizi zinavyopambana, maana hazikai tu zikilia.

Mara nyingi mama wa nyumba huanza kwa kubadili chakula. Wali huacha kupikwa, kisha sembe huacha kununuliwa na dona huchukua mahali pake. Hapa umaskini unawafundisha watu jambo jema, nao wanaliona haya! Dona ina chakula chake chote, na sembe imekwisha kuvuliwa sehemu iliyo bora. Lakini watu wa mjini hudhani weupe wa ugali ni heshima. Dagaa nao hudharauliwa kuwa kitoweo cha maskini, ingawa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na kwa hiyo huwapa watoto chokaa ya mifupa ambayo mnofu wa sangara hauna. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili hupelekwa kuwa chakula cha kuku, na mnofu wa sangara husafirishwa ng'ambo; hata mapanki, yaani vichwa na mifupa ibakiayo viwandani, yamekuwa bidhaa yenye wateja.

Baada ya dona huja mihogo, na hapo twataka kusimama kidogo, kwa maana kuna hatari. Mihogo michungu ina sumu. Sumu hiyo hutoka ikiwa mihogo imevundikwa au kulowekwa siku za kutosha na kuanikwa mpaka ikauke kabisa, kama wazee walivyofundisha. Lakini mwenye njaa hawezi kungoja, naye hufupisha siku. Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa wilaya ya Tarime katika mkoa jirani wa Mara walishikwa ghafula na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waganga waliochunguza waliona sababu kuwa ni mihogo michungu isiyotayarishwa vema, ikiliwa bila kitoweo. Mwili hutumia chakula kama samaki, nyama na maharagwe ili kuiondoa sumu ile, na asiyepata kitoweo hana silaha. Ugonjwa huo hauponi. Aliyepooza hubaki hivyo. Kwa hiyo mwinjilisti akiona unga wa mihogo unauzwa rahisi kuliko desturi katika mwaka wa njaa, na aulize umekaa siku ngapi majini na siku ngapi juani. Mahindi yaliyoota ukungu ni vivyo hivyo. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika nafaka, na nafaka ya namna hiyo ndiyo humfikia maskini kwa bei ya chini.

Njia nyingine ni kupunguza milo. Watu wa Dar es Salaam wameipa jina la mchezo wa mpira, wanaiita pasi ndefu: mtu hula mara moja, saa za katikati, ili mlo mmoja ufanye kazi ya miwili. Jina linachekesha, na labda limetungwa ili watu wacheke badala ya kulia. Katika nyumba yenye watoto pasi hiyo haigawanywi sawasawa. Baba hula gengeni akiwa kazini, watoto hupewa uji, na mama husema amekwisha kula wakati anapopika. Mara nyingi hakula. Neno hili tutalirudia chini, kwa maana ndilo kiini cha somo.

Kisha kuna kukopa. Mwenye duka huandika katika daftari, na daftari ni rehema na kamba kwa pamoja. Mtu mwenye deni hawezi kununua kwa duka la jirani hata kama bei yake ni nafuu, wala hawezi kugombana juu ya kipimo kilichopungua. Hata hivyo mwenye duka anamjua, atamngoja mpaka mwezi wa mbinguni upungue na mitumbwi irudi majini. Si hivyo kwa wakopeshaji wa mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, ambao hudai kila siku na huchukua godoro, jiko na televisheni. Tumesikia wengine wakiwalaumu wanawake wanaochukua mikopo hiyo kuwa wanapenda anasa. Twaomba lawama hizo zikome mpaka mtu ameuliza fedha ilitumika kwa nini. Mara nyingi ilinunua unga, au ilimlipa mwenye duka.

Wazee walikuwa na neno kuhemea, maana yake kusafiri kutafuta chakula katika nchi nyingine wakati wa njaa, labda kwa kubadilishana na ng'ombe. Watu wa Lamadi bado wanahemea, ila safari imegeuka. Nyumba nyingi zina mguu mmoja kijijini, na kijiji ndicho ghala lao. Huko hutoka michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Hutoka pia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Mzigo mmoja wa michembe hupita mwezi mzima bila kuoza, nao hauhitaji fedha ya kusaga. Mtoto mmoja au wawili hupelekwa kwa bibi miezi ya shida. Na wakati mwingine bibi mwenyewe ndiye mwenye shida, mjini wakamtumia fedha kwa simu. Wengine hulima mchicha na matembele pembeni mwa nyumba. Wachunguzi waliofanya kazi Kampala katika miaka ya 1990 waliona kwamba katika nyumba maskini za mji ule, watoto wa waliolima walikuwa na afya kuliko watoto wa wasiolima. Lakini mpangaji wa chumba kimoja atalima wapi? Na aliye na shamba upande wa hifadhi, tembo huweza kumaliza kazi ya miezi mitano kwa usiku mmoja.

Vyama vya kusaidiana tusivisahau. Wasukuma wana ifogong'ho, chama cha majirani cha kusaidiana katika misiba na dhiki, na katika mji wanawake wa kabila zote wana upatu na vikoba. Vyama hivi vina nguvu, ila vina mlango: asiye na mchango wa wiki haingii. Kwa hiyo maskini sana hukaa nje ya chama cha maskini. Serikali nayo ina njia zake. Mfuko wa TASAF, ulioanza mwaka 2000, hutoa fedha kwa nyumba zilizoandikwa kuwa maskini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huuza mahindi kwa bei nafuu miaka ya upungufu, kama ilivyofanyika bei zilipopanda mwishoni mwa 2022 na katika 2023. Faida ya mahindi hayo ni kubwa kwa awezaye kununua mengi pamoja. Majirani sita wakiweka fedha zao pamoja huweza kununua gunia na kuligawa kwa debe, na kazi ya kuwakusanya majirani sita si kubwa mno kwa mzee wa usharika.

Ziko njia nyingine ambazo watu hawazisemi kwa sauti, nasi tusipozisema katika somo kama hili tutakuwa tumewaficha wasomaji. Mtoto wa kiume huacha shule akaenda mwaloni kuanua dagaa. Binti hutumwa Mwanza kufanya kazi za ndani kabla ya umri wake. Wanaume huingia hifadhini usiku kutega wanyama, na akikamatwa baba, nyumba hupoteza nyama na baba pia. Na pwani nyingi za ziwa hili, mwanamke asiye na mtaji huambiwa na mwenye samaki kwamba hatauziwa mpaka ampe mwili wake. Kenya jambo hili lina jina, jaboya. Kwenye pwani ya Nduru, upande wa Kisumu, wanawake walisaidiwa kuanzia mwaka 2011 kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na wengi wakawa huru na biashara ile. Kisha mwaka 2020 ziwa lilifurika, kijiji chao kikaingia maji, na wakatawanyika. Twaeleza yote mawili ili mtu asidhani kwamba mashua peke yake ni mwisho wa habari. Ila yule anayesimama mbele ya watu na kumhukumu mwanamke wa mwaloni, na aulize kwanza bei ya ndoo moja ya dagaa.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Usharika ukipata magunia machache ya kugawa, nani apewe? Kwa kawaida hupewa aliyelia, au aliye karibu na mzee, au mwenye nguo chakavu. Iko njia iliyo bora, nayo ilitungwa na watu waliochunguza njaa za miji ya Afrika, akiwamo Daniel Maxwell aliyefanya kazi Kampala na Accra. Haiulizi mtu ana fedha ngapi. Yauliza tu, katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi nyumba ilifanya mambo haya matano: kula chakula kisichopendwa kwa sababu ni rahisi, kukopa chakula au kutegemea ndugu na rafiki, kupunguza kiasi sahanini, watu wazima kujinyima ili watoto wale, kupunguza idadi ya milo. Siku za jambo la pili huzidishwa kwa mbili, za jambo la nne kwa tatu, na nyingine huhesabiwa kama zilivyo. Kisha hujumlishwa. Anayefanya yote kila siku hupata 56. Wapimaji wa njaa wa mataifa huhesabu 19 na kuendelea kuwa shida nzito.

Tuseme kuna nyumba mbili. Ya kwanza imekula ugali wa mihogo siku zote saba, wala haikufanya lingine lolote. Watu wanaionea huruma kwa sababu ya ugali wake mweusi. Hesabu yake ni 7. Ya pili inakula sembe, watoto wanakwenda shule wakiwa safi, na mama hajamwomba mtu kitu kwa sababu ya aibu. Lakini siku nne amejinyima, nazo ni 12. Siku nne sahani zimepungua, ni 4. Siku tano wamekula mara moja, ni 5. Jumla ni 21. Kwa macho, tungeyapeleka magunia kwenye nyumba ya kwanza. Hapo ndipo tunaposema kwamba kujinyima kwa mama ni kiini cha somo. Kumepewa uzito wa tatu kwa sababu nyumba haifiki huko mpaka njia nyingine zimeshindwa. Wote tuliofundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 twakumbuka kwamba ombi la mkate wa kila siku limeelezwa kuwa pana kuliko mkate, hata majirani wema wamo. Na jirani hawezi kuwa mwema kwa asilolijua.

Maswali hayo yaulizwe na mwanamke, tena na mama wa nyumba akiwa peke yake. Mume akiwapo, jibu la swali la nne litakuwa sifuri. Yasiulizwe siku ya kugawa, maana siku hiyo kila nyumba itakuwa na 56. Yaulizwe mara mbili, mara moja mitumbwi ikiwa majini na mara moja mwezi ukiwa mpevu, ndipo itajulikana ni nyumba gani zenye shida ya siku zote na zipi zenye shida ya siku kumi. Hizi za pili huenda zikasaidiwa zaidi kwa mkopo mdogo usio na riba kuliko kwa gunia. Wapangaji wasisahauliwe kwa sababu tu wamehamia juzi, wala watu wa dini nyingine walio katika mtaa ule ule. Nambari ziandikwe katika daftari lisilo na majina, kwa alama ambazo watu wawili tu wanazijua, na daftari hilo lisiletwe katika baraza la wazee, ila nambari zake.

Mwezi ujao mpevu utakapoonekana, wainjilisti wa pwani waweza kuanza na nyumba kumi.